Mikono imekamilika, miguu bado

Saa 11 alfajiri. Sijawasha taa. Nimekaa sakafuni naitazama turubai: mwanamke ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Hii ni wiki ya tatu namchora. Aliyenisimulia yaliyompata alinipa sharti moja, alama za kipigo zisionekane. "Walishanitazama vya kutosha nikiwa nimevimba," alisema.

Saa 2 asubuhi. Vidole kumi vimenila asubuhi nzima. Nikivikunja ngumi, vinasema hasira. Nikivilegeza, vinasema amekata tamaa. Hakuwa na lolote kati ya hayo. Nimefuta kwa kitambaa mara nne, hadi kidole gumba cha kushoto kikashika cha kulia. Hapo nikapumua.

Saa 6 mchana. Mwandaaji wa maonyesho amepiga simu. Anaomba machozi, au damu kidogo, watu waguswe. Nimekataa, nikamweleza habari za Paula Rego, mchoraji mzaliwa wa Ureno. Mwaka 1998, baada ya kura ya maoni ya kuhalalisha utoaji mimba kushindwa Ureno, alichora kwa pasteli, chaki laini za rangi, wanawake wanaotoa mimba kwa siri: vitanda, ndoo, miili iliyojikunja. Damu hakuna. Baadhi yao wanakukazia macho wewe unayetazama. Naamini damu humtoa mtu machozi akaenda zake. Jicho lile linamuuliza alikuwa wapi.

Saa 10 jioni. Mwenyewe amekuja. Amesimama kimya muda mrefu, kisha akainama kuangalia sehemu ya chini.

"Mikono ni yangu. Miguu siyo, dada. Umeilegeza. Usiku ule nilikuwa nimeikaza, nasubiri asinzie nitoke."

Sikuwa na la kujibu. Nilimchora kama aliyeshindwa, na yeye alikuwa anahesabu hatua za kufika mlangoni.

Saa 1 usiku. Nimefungua picha ya Suzana, yule mwanamke wa kisa cha Biblia aliyechunguliwa na wazee wawili akioga. Ni ya mchoraji wa Italia, Artemisia Gentileschi, ya mwaka 1610, mchoraji huyo alipokuwa hajafika miaka 18. Wachoraji wanaume wengi walimchora Suzana kana kwamba anafurahia kutazamwa na wale wazee wawili. Wa Artemisia amejipinda mwili mzima, mikono imeinuliwa kuwazuia. Nimeipitia picha hii miaka mingi nikiangalia uso tu.

Saa 3 usiku. Nimeikwangua miguu yote kwa kisu. Chini ya kitanda pamebaki doa la kijivu. Naanza upya na kisigino cha kulia, kimenyanyuka kidogo kutoka sakafuni.