Mzee wa miaka 19

Beji yangu nyeusi iliandikwa "Elder" na jina la ukoo. Kwa Kiswahili kanisa letu husema "Mzee", na ndugu zangu hawakuchoka kunicheka: Mzee wa miaka 19, ndevu tatu kidevuni. Agosti 2019, baada ya mafunzo Johannesburg, nilipelekwa Zambia kuhudumu miaka miwili kama mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Nilikaa miezi saba.

Kwanza niseme niliondoka na imani ya aina gani. Ilikuwa kama chama cha akiba: mimi naweka, Mungu analipa. Naamka saa kumi na mbili na nusu, nafunga, natembea juani na tai shingoni, na Yeye kwa upande wake analeta watu. Nilikuwa na kidaftari cha hesabu: milango tuliyobisha, masomo tuliyofundisha, waliofika ibadani Jumapili. Usiku nilikuwa najumlisha kama mwenye duka.

Luanshya ni mji wa mgodi wa shaba, na Kibemba kilinipokea vizuri. Mtu ni umuntu, maji ni amenshi. Mluhya kama mimi hapati shida, maneno yanafanana na ya kwetu. Mwanafunzi wetu bora alikuwa mjane mmoja tuliyemwita Bamayo, kwa heshima, yaani mama. Hakuna somo alilolisikiliza mikono ikiwa imetulia. Alikuwa anabambua karanga za kupikia mboga, na mara ya kwanza alitusogezea ungo bila kusema neno. Basi mimi na mwenza wangu, mmisionari niliyepangiwa kuhudumu naye, tukawa tunafundisha huku tunabambua, maganda yakitujaa magotini. Akikubali jambo, aliitikia "ee" ya chini. Akilikataa, alipasua karanga kwa nguvu zaidi. Ubatizo wake tuliupanga Aprili 2020.

Machi 18 Zambia ikatangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza wa korona. Haukupita muda, simu ikaja usiku: wageni wote tufunge mizigo. Hatukupata nafasi ya kumuaga Bamayo. Niliingia Nairobi kabla kidogo ya Kenya kusimamisha ndege za abiria tarehe 25, nikafika kwetu Vihiga na kufungiwa siku 14 katika kile kijumba cha vijana nyuma ya nyumba. Mama alikuwa akiweka sahani kwenye stuli mlangoni, anarudi hadi chini ya mparachichi, ndipo tunaongea kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Dirisha lile lilinisikilizisha mengi. Jirani alipita akimwambia mwenzake kwamba nimefukuzwa, na kwamba kwa vyovyote kuna msichana. Nilitaka kutoka nimweleze kuhusu korona, lakini nilikuwa karantini kwa sababu ya hiyo hiyo korona. Hasira yangu haikuwa kwake sana. Kila nilipopiga magoti nilijikuta namsomea Mungu kidaftari changu: milango hii, masomo haya, sasa malipo yako wapi? Siku ya sita nikaacha kuomba. Sikumkana. Nilimnunia.

Siku 14 zilipokwisha baba aliniita tupukuchue mahindi. Baba ni mtu wa Kanisa la Friends (Quakers) tangu utotoni, na hakuwahi kufurahi nilipohamia kwingine, kwa hiyo nilijiandaa kwa "nilikwambia". Alipukuchua magunzi kama kumi hivi kimya. Kisha akasema, "Wale Wamarekani wa Kaimosi walikuwa watatu." Nikajua ni Chilson, Hole na Hotchkiss, walioanzisha misheni ya Friends mwaka 1902, kwetu mtoto huzaliwa akiijua habari hiyo. "Hotchkiss hakukaa. Alihamia Lumbwa. Sijui kama alilia au hakulia." Akanyamaza tena, akachukua gunzi jingine. "Mimi ndiye niko hapa."

Sikumwelewa siku hiyo. Niliyaelewa maneno yake nikiwa Nairobi.

Wamisionari tuliorudishwa tulitakiwa kuamua kabla ya Aprili kuisha: kurudi kazini hali ikiruhusu, au kuahirisha. Nilichagua kurudi, na sitadanganya kwamba ni imani. Nilikuwa namkimbia yule jirani. Nikapangiwa nyumba moja Nairobi na wenza watatu, kafyu nje, makanisa yamefungwa. Yalipofunguliwa Julai ilikuwa watu 100 tu, saa moja, bila watoto chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya 58. Kazi yote ilikuwa ya simu. Hapakuwa na mlango wa kubisha. Kidaftari kilijaa sifuri, nikakitupa chini ya godoro. Mahali pake nikaanza kuandika kila jioni jina moja na kitu kimoja ambacho mtu huyo alisema, basi. Katika sala nikajilazimisha kukaa kimya kwanza kabla ya kuomba lolote. Siku nyingi nilisinzia.

Kwa ruhusa ya viongozi nilimpata Bamayo kupitia simu ya mjukuu wake. Tukawa tunasoma mlango mmoja, yaani sura moja ya kitabu cha Biblia, kwa wiki kwa ujumbe wa sauti, mimi kwa Kiingereza na Kibemba changu cha kuokoteza. Oktoba alinijibu kuhusu ubatizo: hapana. Alikuwa katika umoja wa akina mama wa kanisa lake zaidi ya miaka 30, na sare yake ilikuwa imekunjwa sandukuni. Anataka kuzikwa nayo. Lakini kusoma tusiache, alisema, maana hatujamaliza.

Mwenza wangu alisikitika kweli. Mimi nilikaa nikingoja ile hasira ya kule kijumbani, ikakataa kuja. Nilijua tu kwamba Jumatatu ningemtumia mlango mwingine, na hakuna mahali pa kuiandika hiyo katika hesabu. Kibemba huita imani icitetekelo, kutoka neno la kumtegemea mtu. Nilikuwa nalitamka tangu Luanshya bila kuliuliza linadai nini.

Nilivua beji Agosti 2021. Baba alinisalimu kwa mikono miwili, akaniuliza kama ninaweza kupanda kurekebisha bati kabla mvua haijaanza.

Bamayo na mimi tulimaliza kitabu, tukaanza tena mwanzo, safari hii kwa Biblia yake ya Kibemba, naye ndiye anayenisahihisha matamshi. Ujumbe wake huanza na swali kama nimekula. Nyuma ya sauti yake husikika karanga zikipasuka, na sasa najua, hata kabla hajasema, ni wapi hakubaliani nami.