Kati ya Goma na Lubumbashi, nani yuko mbali na Kinshasa?

Ndege ilichelewa, na pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hakuna aliyetueleza sababu. Nilikuwa kijana, naenda Kinshasa kuanza chuo, na ndege nilikuwa naziona angani tu. Watu wakichoka kulalamika huanza kubishana, na siku ile ubishi ulikuwa huu: kati ya Goma na Lubumbashi, mji gani uko mbali zaidi na Kinshasa?

Mama mmoja wa Goma, muuza vitenge, aliona swali lenyewe ni la kitoto. "Goma iko mbali kupita. Sisi ndege inatua kwanza Kisangani, unakaa, unanunua maji, ndiyo unaendelea."

Papa mmoja aliyestaafu kazi ya reli akacheka. Baba yake alikwenda kwa treni mpaka Ilebo, kisha akateremka mto Kasai kwa meli, njia ileile iliyopitisha shaba yetu tangu reli ilipofika Ilebo mwaka 1928. "Wiki na wiki njiani, mama. Wewe unatuambia habari ya kununua maji!"

"Nyinyi mnapima uchovu," akasema mzee aliyekaa karibu yangu. Kumbe alikuwa mwalimu wa jiografia. Akaomba daftari langu jipya, nikampa kwa shingo upande.

Latitudo na longitudo za miji yote mitatu alikuwa nazo kichwani, jambo ambalo hadi leo linanishangaza kuliko hesabu yenyewe. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa unapanda kaskazini digrii 7.3 na kwenda magharibi 12.2. Kutoka Goma unashuka kusini 2.6 tu, lakini magharibi unakwenda 13.9. Akachora pembetatu mbili, akatumia kanuni ya Pythagoras, ambayo karibu na ikweta haidanganyi sana. Ya kwanza ikatoa digrii 14.2, ya pili 14.1. Digrii moja ni kilomita 111. Kwa hiyo kila mji uko kilomita 1,570 hivi kutoka Kinshasa, na tofauti yake haikufikishi hata Kipushi, mji mdogo jirani na Lubumbashi.

Papa wa reli akageuza daftari juu chini, akitafuta kosa. Mama akauliza, "Basi mbona nauli yetu inapita yenu?"

"Hiyo muulize mwenye ndege."

Tuliruka saa tisa alasiri. Safari ilikuwa ya saa mbili hivi, mawingu matupu, nami nikiwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili. Tulipotua N'djili, sauti ikatangaza kwamba Kinshasa ni saa kumi.

"Mwalimu!" mama akaita kutoka nyuma. "Saa yangu inasema kumi na moja. Hii moja imeenda wapi?"

Abiria walikwisha simama, wanavuta mizigo yao. Mzee akaninyoshea mkono, anataka daftari tena. "Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa," akaanza, "na sisi tumekuja magharibi karibu 12..."

"Papa, tushuke kwanza!" mtu akapiga kelele. Mzee alikuwa anaandika tayari.