Maji Yanayojaa: Kuitazama Tena Creepshow na Mjomba

Jumamosi moja jioni, mjomba wangu, baharia mstaafu, alikubali tuitazame tena Creepshow, filamu ya kutisha ya mwaka 1982 ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeileta nyumbani kwetu Mombasa katika mkanda wa VHS, enzi ambazo deki ya video ilitosha kuwakusanya majirani wa mtaa mzima. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nimebanana na binamu zangu mkekani, na miaka yote iliyofuata nilibaki na vipande vyake tu: maiti anayedai keki, mende wanaofurika sakafuni, na kichwa cha mtu kilichochomoza mchangani huku bahari ikikisogelea. Safari hii tulikuwa na nakala iliyosafishwa na runinga kubwa sebuleni kwake, Mji wa Kale, na birika la kahawa lilikuwa mbele yetu.

Filamu hiyo iliongozwa na George A. Romero, na hadithi zake tano ziliandikwa na Stephen King. Wote wawili walikulia katika zama za majarida ya katuni ya kutisha ya kampuni ya EC, yaliyovuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi vikao vya Seneti vya mwaka 1954, na kanuni kali ambazo wachapishaji walijiwekea baada yake, vilipoyaondoa sokoni. Creepshow ni heshima yao kwa majarida hayo, na heshima hiyo imo katika picha zenyewe: hofu inapofika kileleni, mwanga hugeuka ghafla kuwa mwekundu au wa buluu, na nyuma ya uso wa anayepiga ukelele huzuka michoro, kana kwamba mtu huyo amerudishwa katika ukurasa wa katuni. Mkanda wetu wa zamani ulikuwa umechezwa mpaka rangi zikachujuka, kwa hiyo uzuri huo niliuona jioni ile kwa mara ya kwanza.

Hadithi hizo tano zimefungwa ndani ya kisa kifupi cha mtoto aitwaye Billy, ambaye baba yake anamzaba kofi kwa kusoma jarida la kutisha, kisha analitupa jarida lenyewe kwenye pipa la taka. Utotoni hatukukijali kisa hicho, kwa kuwa tulikuwa tukisubiri maiti. Nilipokitazama nikiwa mtu mzima, nilimwona mtoto aliyebaki peke yake chumbani na shavu linalomuuma, na nikatambua kwamba filamu nzima iko upande wake. Billy anachezwa na mwana wa King mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu huzuni ya uso wake haionekani kuwa ya kuigiza. Akina baba wakali wanaendelea kuzuka ndani ya hadithi zenyewe: mzee Grantham anafufuka kaburini kuidai keki ya Siku ya Akina Baba, na Jordy Verrill, mkulima ambaye mwili wake unaota majani baada ya kugusa kimondo, anatokewa na marehemu baba yake ndani ya kioo cha bafuni.

Hadithi ya mende tuliipita upesi. Tajiri Upson Pratt anaishi katika nyumba nyeupe isiyo na vumbi na anafurahia kujiua kwa mshindani wake wa biashara, mpaka mende wanapomvamia. Watoto waliokulia katika joto la Mombasa, ambako mende ni wakazi wa jikoni, hatukuwahi kuingiwa na hofu iliyokusudiwa. Jioni ile kilichonichukiza kilikuwa kicheko cha Pratt kwenye simu.

Hadithi ya pwani ndiyo iliyotushika. Richard Vickers, anayechezwa na Leslie Nielsen, amegundua kwamba mkewe Becky ana uhusiano na kijana aitwaye Harry. Anampeleka Harry kwenye ufuo wake binafsi, anamlazimisha kwa bastola kuingia katika shimo, na anamfukia hadi shingoni mahali ambapo maji yatafika yakijaa. Kisha anaweka runinga mbele ya uso wake ili amwone Becky, aliyefukiwa vivyo hivyo, akipigwa na mawimbi. Vickers mwenyewe anarudi nyumbani, anaketi, na anatazama kila kitu kwenye kioo.

Mjomba aliomba nisimamishe picha. Alisogea karibu na runinga, akaonyesha kwa kidole mstari wa povu uliokuwa umepita kidogo kidevu cha Harry.

"Mwanangu, huyu hangoji maji yafike puani," alisema. "Wimbi litamuua kabla bahari haijajaa. Tazama, kila likirudi linampunguzia pumzi."

Akanieleza kwa utulivu yale ambayo kila mtu wa pwani huanza kufundishwa mapema: kwamba siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hupanda zaidi ya mita 3 kutoka yalikopwa, kwamba siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, na kwamba katikati ya saa sita za kujaa ndipo bahari huenda mbio zaidi, hata anayekusanya chaza kwenye mwamba hujikuta amezingirwa. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hadithi ile ilinitisha kwa sababu ya maiti wawili wanaotoka baharini wakidondosha mwani kuja kulipiza kisasi. Nilipokuwa nikimsikiliza mjomba nilielewa kwamba maiti wale ni faraja. Kitishio ni bahari yenyewe, ambayo haina kinyongo na Harry wala haijui kwamba yupo, nayo itafika kwa saa yake.

Liko jambo jingine lililonikosesha raha. Vickers ameketi kitini akiangalia mtu anakufa kwenye kioo, nasi pia tulikuwa tumeketi vitini. Romero hatoi hotuba juu ya hilo. Anatuweka tu pale alipo muuaji, halafu anamwacha muuaji huyo afukiwe mchangani na kupiga kelele kwamba anaweza kubana pumzi kwa muda mrefu. Kwangu mimi, hakuna sehemu iliyoongozwa vizuri zaidi katika filamu yote.

Mjomba alikataa. Kwake yeye bora ni ile ya sanduku lililotoka safari ya Aktiki ya mwaka 1834 na kusahauliwa chini ya ngazi za chuo kikuu, mpaka mfagizi alipoifuata sarafu yake iliyoviringika na kulikuta. Alifanya kazi na shehena maisha yake yote, na alishikilia kwamba hakuna baharia ambaye angeukata mnyororo wa mzigo usio na mwenyewe. Nilimjibu kwamba mnyama aliyemo sandukuni, pamoja na ustadi wote wa Tom Savini aliyemtengeneza, anaonyeshwa mno, na mtu akishamwona vizuri hofu inapungua. Alisema nimezoea kutazama filamu na sijazoea kufungua masanduku. Tulibishana hivyo mpaka adhana ya Isha, naye akaondoka kwenda msikitini bila kulegeza msimamo wake.