Siku Mfadhili Alipotoka Nje

Bodi ya kituo chetu cha sanaa za maonyesho ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na mimi nilikuwa katibu wao. Katibu hapigi kura. Anaandaa ajenda, anahesabu akidi, anaandika muhtasari, basi. Baada ya miaka mitatu nilishaamini kwamba hakuna kiti salama kama changu: wakubwa wanavutana mpaka jasho linawatoka, wewe unaandika "kikao kilijadili suala hili kwa kina" na kugeuza ukurasa.

Kulikuwa na mkurugenzi wa benki, diwani, mwenye kiwanda, mhasibu, mwalimu mstaafu wa muziki na wengine wa namna hiyo. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mwanamke mwenye sauti ndogo, ambaye wote tulimwita Mama Jaji. Na alikuwepo mwenye kampuni ya bima. Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee wa Bima, kwa siri, ingawa nadhani alijua. Kila mmoja wao kwake ni bosi. Akikohoa tu, watu wanasimama. Kwetu walikuwa wanajitolea, hata posho hawapati. Mtu wa benki alikuwa na maneno matatu aliyomkaribishia kila mjumbe mpya: toa, tafuta, au toka. Yaani toa chako, la sivyo katafute kwa marafiki zako, na kama yote mawili yamekushinda, mwachie mwenzako kiti.

Mzee wa Bima alikuwa wa kutoa. Taa mpya za jukwaani zilikuwa zake. Hakuwa mpenzi mkubwa wa sanaa, maana nilishamwona akisinzia sehemu ya kwanza ya onyesho na kuamka kupiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Lakini hundi zake hazikuwahi kuchelewa.

Mwaka ule paa la ukumbi mkubwa lilianza kuvuja. Tone lilidondoka upande wa kushoto wa jukwaa, hatua mbili tu kutoka ilipokaa piano, na mafundi waliweka hapo ndoo ya bluu. Ndoo ikiwa tupu, tone lilitoa mlio wa juu. Ikijaa, mlio unashuka. Mwalimu wa muziki alidai tone lile linatunza mapigo kuliko baadhi ya wanafunzi aliowahi kuwafundisha.

Pesa ya paa haikuwepo. Mhasibu alikuwa ametueleza mara nyingi kwa nini haipo, na hoja yake aliichukua kwa wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walioiandika mwaka 1966. Kiwandani mashine mpya inapunguza watu na muda. Muziki wa ala nne za nyuzi ulioandikwa miaka mia mbili iliyopita bado unataka watu wanne na dakika zilezile, ila watu hao wanne leo wanalipwa mshahara wa leo. Ndiyo maana tiketi peke yake haitoshi, hata ukumbi ukijaa. Pengo linazibwa na wafadhili.

Ndipo ikaja barua ya Mzee wa Bima. Atalipia paa lote, mwanzo hadi mwisho. Sharti ni moja: ukumbi uitwe jina la kampuni yake, milele.

Kikao kilikuwa jioni. Tulipomaliza yatokanayo, nikasoma kichwa cha ajenda iliyofuata. Mama Jaji akavua miwani.

"Kabla hatujaanza, kuna mjumbe mwenye maslahi katika jambo hili. Utaratibu unajulikana. Atupishe, tutamwita."

Mzee wa Bima alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama Jaji, mimi natoa, halafu ninyi mnanitoa?"

Diwani aliinamia makaratasi yake. Mtu wa benki, mwenye maneno yake matatu, ghafla alipata kitu cha kuangalia dirishani. Ukimya ule ulikuwa mrefu, nami kalamu ilikuwa juu ya karatasi na sijui niandike nini.

"Hatukutoi kwenye bodi," alisema Mama Jaji. "Tunakutoa kwenye kishawishi. Na sisi pia. Ukiwa umekaa hapo, nani atathubutu kusema hapana?"

Alisimama, akaacha koti kwenye kiti kama mtu anayesema narudi, akafunga mlango taratibu mno.

Hakuna aliyepinga pesa. Mjadala wote ulikuwa juu ya neno milele. Mama Jaji akasimulia habari za ukumbi wa okestra wa Lincoln Center, kituo cha sanaa kule New York. Ulifunguliwa mwaka 1962. Mwaka 1973 Avery Fisher alitoa dola milioni 10.5 na jina lake likawekwa mlangoni. Miongo minne baadaye ukumbi ulihitaji ukarabati mkubwa na mfadhili mwingine, naye mfadhili mkubwa hatoi ili jina la mwenzake libaki pale juu. Familia ya Fisher ilikubali kuliachia kwa dola milioni 15. David Geffen akatoa milioni 100 mwaka 2015, na leo ukumbi unaitwa kwa jina lake.

"Hebu piga hesabu," Mama Jaji alimwambia mhasibu. "Walilipa zaidi kuliondoa jina kuliko walivyopewa kuliweka." Mhasibu alitaka kusema kitu kuhusu thamani ya pesa kushuka, akaghairi.

Wakaafikiana miaka ishirini na mitano, kisha jina litazungumzwa upya. Nikatumwa kumwita.

Ukumbini kulikuwa na giza, isipokuwa taa moja ya usalama. Nilimkuta jukwaani, mikono mfukoni, akiisogeza ndoo kwa ncha ya kiatu. Mafundi waliiweka mahali sahihi asubuhi, lakini tone lilikuwa limehama kidogo, na mbao zilishalowa pembeni. Alisogeza, akasubiri, tone likaangukia ukingoni. Akasogeza tena.

"Mwanangu, hapa panavuja tangu lini?"

Nilimwambia. Akaguna. Alikuwa na taarifa ya paa kwenye jalada lake kwa miezi mitano.

Aliporudi mezani akaambiwa miaka ishirini na mitano. Akasema thelathini. Wakasema ishirini na mitano. Akavaa koti, akasema sawa.

Mimi nilidhani yameisha. Kikao kilichofuata, tulipofika kwenye kuthibitisha muhtasari, alinyoosha mkono.

"Ukurasa wa pili. Katibu ameandika mjumbe alitolewa nje. Mimi sikutolewa. Nilitoka."

Wote wakamgeukia Mama Jaji, naye akanigeukia mimi. Uso uliniwaka. Niliandika vile usiku, nimechoka, na labda, nikisema kweli, kwa kufurahia kidogo.

"Mjumbe ana haki," alisema. "Rekebisha."

Nikafuta l, e na w, nikaandika k juu yake. Mama Jaji akatia saini pembeni, tukaenda ajenda ya tatu.