Maunti kwanza, darubini baadaye: kupiga picha za nebula ukiwa karibu na ikweta

Nebula na galaksi ni hafifu mno. Kila picha hukusanya mwanga kwa dakika moja au zaidi, kisha makumi ya picha hizo huunganishwa kwenye kompyuta. Muda wote huo Dunia inazunguka, na nyota zinahama sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) kila sekunde moja ya saa. Kinachofidia mwendo huo ni maunti, yaani kichwa chenye mota kinachokaa juu ya tripodi na kubeba darubini. Kikiyumba, hata lenzi ya bei kubwa itakupa vistari badala ya nyota. Tenga nusu ya fedha zako kwa ajili yake, au zaidi.

Chukua maunti ya ikweta, ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Ile ya kupanda na kushuka, kulia na kushoto, hufuata nyota vizuri, lakini picha hujizungusha taratibu na nyota za pembeni hupinda. Uzito ulioandikwa na kiwanda chukulia kuwa wa kutazama kwa jicho. Kwa picha usizidi nusu yake. Darubini ya kilo 3, kamera, pete na darubini ndogo ya kuongozea hufika kilo 5 upesi, kwa hiyo tafuta inayobeba 10 au zaidi, kama HEQ5 ya Sky-Watcher.

Miongozo ya Ulaya na Marekani haituandalii jambo linalofuata. Mwinuko wa ncha ya anga ni sawa na latitudo yako: Nairobi digrii 1.3, Mombasa 4, Dar es Salaam 6.8, zote kusini. Mhimili unalala karibu sambamba na ardhi, na maunti nyingine hazishuki kiasi hicho. Uliza kipimo cha chini cha latitudo kabla ya kulipa. Hata ikishuka, fimbo ya uzani (inayobeba vyuma vya kusawazisha darubini) inaweza kugonga mguu wa tripodi ulio upande wa ncha. Geuza tripodi ili miguu miwili iwe kusini na mmoja kaskazini. Fimbo itapita katikati, na miguu hiyo miwili itapokea uzito unaoelemea huko. Maunti ikishindwa kushuka kwa digrii chache tu, inua mguu wa kaskazini. Miguu ikiwa imeachana sentimita 100, ubao wa sentimita 7.5 hulaza tripodi kwa digrii 5 hivi. Usizidishe, itapinduka.

Kwa kuelekeza mhimili kwenye ncha, Kutubu, nyota ya kaskazini, huku haikusaidii, na Sigma Octantis, nyota ya ncha ya kusini, ni hafifu na imezama kwenye vumbi la upeo. Tumia programu ya N.I.N.A. pamoja na nyongeza yake ya nukta tatu: hupiga picha sehemu tatu za anga, huzitambua nyota, kisha hukuonyesha skrubu ipi uikaze na kwa kiasi gani, bila kuiona ncha yenyewe. Baada ya hapo programu ya PHD2, ambayo ni ya bure, hurekebisha makosa ya gia kupitia kamera ya kuongozea, yaani kamera ndogo inayoitazama nyota muda wote.

Sasa darubini. Ya lenzi, kipenyo milimita 60 hadi 80, kioo cha ED (kinachopunguza rangi za uongo kandokando ya nyota), urefu wa fokasi milimita 350 hadi 480, inatosha kabisa. Kujua kila pikseli inafunika kiasi gani cha anga, hesabu ni hii: 206 mara ukubwa wa pikseli kwa mikroni, gawanya kwa fokasi. Pikseli ya 3.76 kwenye fokasi ya 360 ni sekunde 2.15 za tao. Kwenye darubini ya inchi 8 yenye fokasi ya 2032 ni 0.38, hivyo kosa la sekunde moja tu ya tao hufunika karibu pikseli tatu. Ndiyo sababu darubini kubwa kwa anayeanza ni mzigo. Kwa kihisi cha kamera cha ukubwa wa APS-C (milimita 23.5 kwa 15.7 hivi), fokasi ya 360 huchukua digrii 3.7 kwa 2.5: galaksi ya Andromeda yote inaingia.

Nunua pia lenzi ya kunyoosha uwanja, na uhakikishe umbali wake hadi kihisi; mara nyingi ni milimita 55. Ukikosea milimita chache, nyota za pembeni hurefuka. Darubini ya kioo ya Newton ya milimita 130 hukusanya mwanga mwingi kwa fedha kidogo, lakini hushika upepo, huhitaji lenzi ya kurekebisha koma (kasoro inayozipa nyota za pembeni mikia), na vioo vyake hupangwa upya mara kwa mara.

Pwani, mkanda wa joto wa kuzungushia lenzi ni wa lazima, kwani umande hufunika lenzi kabla ya usiku wa manane. Ukimaliza, iache darubini ikauke kabla ya kuifunga na vifuko vya silika, la sivyo kuvu huota ndani ya lenzi. Kamera yenye kipoza, maunti na mkanda vikila ampea 5 kwa saa 6, unahitaji betri ya volti 12 yenye ampea-saa 30 zinazotumika kweli. Betri ya risasi na asidi ya 30 ukiimaliza yote mara kwa mara inakufa mapema. Ya LiFePO4, aina ya lithiamu, huvumilia.

Januari, Nebula ya Jabari hupita karibu utosini Dar. Hapo ndipo kamera hukaribia kugonga miguu ya tripodi, kwa hiyo zungusha maunti kwa mkono mchana, uone inagusa wapi, na ukaweke kikomo kwenye programu.