Simu inapong'ang'ania Wi-Fi ya mbali: nilivyoifanya ihame yenyewe

Tatizo ni hili. Nyumba ina vituo vitatu vya Wi-Fi vyenye jina moja la mtandao. Simu inaunganishwa sebuleni, unapanda nayo ghorofani, unasimama mita mbili tu kutoka kituo cha juu, lakini yenyewe bado imeshikilia cha chini. Video inakwama, na aliye upande wa pili wa simu anakusikia kwa vipande vipande.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, jua kwamba anayeamua kuhama ni simu. Kituo kinaweza kushauri, au kuifukuza simu kabisa, ila hakiwezi kuibeba na kuipeleka kwa jirani yake. Apple wameeleza wazi kanuni ya iPhone: haitafuti kituo kingine mpaka mawimbi ya kile ilichopo yashuke chini ya -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli; namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Hapo huhamia kituo chenye mawimbi yaliyozidi kwa desibeli 8 ikiwa inatuma au kupokea data, au 12 ikiwa imetulia. Simu za Android hutofautiana kwa viwango, lakini mwenendo wake unafanana. Kwa hiyo simu iliyobaki kwenye -62 dBm karibu na kituo kingine haina hitilafu yoyote. Haijaona sababu ya kuhama.

Nilianza kwa kuandika karatasini BSSID za vituo vyote, yaani anwani ambayo kila redio ya kituo hujitambulisha nayo. Kituo chenye masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz huwa na zaidi ya moja. Kwenye Android, gusa nambari ya muundo mara 7 ili kufungua chaguo za wasanidi programu, kisha washa kumbukumbu za kina za Wi-Fi. Katika simu nyingi, orodha ya mitandao itaanza kuonyesha BSSID, masafa na nguvu ya mawimbi. Kwa iPhone nilitazama upande wa pili, kwenye ukurasa wa usimamizi wa vituo, penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kila kimoja.

Kisha nikakagua njia ya kebo, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza muda wakilaumu mawimbi. Ukitumia ruta ya pili kama kituo huku ikiendelea kugawa anwani za IP, simu itahama vizuri hewani lakini itaangukia mtandao mwingine: ilikuwa na 192.168.1.x, sasa ina 192.168.0.x, na mazungumzo yamekatika. Iweke ruta hiyo katika hali ya kituo tu. Kama haina chaguo hilo, ipe anwani yake, kwa mfano 192.168.1.2, ambayo haimo kwenye fungu linalogawiwa na ruta kuu, zima DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Jina la mtandao, nenosiri na aina ya usalama vifanane kote. Herufi kubwa moja ikitofautiana, huo ni mtandao mwingine.

Kilicholeta mabadiliko makubwa ni kupunguza nguvu ya kurusha mawimbi. Kituo kilichowekwa nguvu ya juu kabisa ni kama msemaji mwenye kipaza sauti: simu inamsikia vizuri kutoka mbali, lakini yenyewe ina sauti ndogo, na majibu yake hayafiki. Katikati ya ngazi nilipima -64 kutoka chini na -55 kutoka juu. Tofauti ni desibeli 9, lakini -64 haijafika kwenye kizingiti cha -70, basi simu haikutafuta. Niliposhusha vituo hivyo viwili kwa desibeli 9, zikawa -73 na -64. Simu iliyo kwenye mazungumzo ilihama palepale ngazini. Iliyokuwa imetulia ilihitaji hatua chache zaidi mpaka tofauti ifike 12. Nguvu ya 2.4 GHz niliiweka chini kuliko ya 5 GHz, kwani masafa hayo hupenya kuta vizuri zaidi na huivutia simu ibaki.

Chaneli ni kazi fupi: kila kituo kiwe na yake ili visiingiliane. Kwa 2.4 GHz tumia 1, 6 na 11, upana wa 20 MHz. Kwa 5 GHz nilizigawa 36, 40, 44 na 48 kwa upana huohuo. Ukichagua 80 MHz, kituo kimoja kinazimeza zote nne. Chaneli zinazotumiwa pia na rada nilizikwepa, kwa sababu huko simu hulazimika kusubiri kusikia tangazo la kituo badala ya kuuliza, na utafutaji unachelewa.

Baada ya hapo washa 802.11k, inayoipa simu orodha ya vituo jirani, na 802.11v, inayoruhusu kituo kuishauri ihame. 802.11r hufupisha ubadilishanaji wa funguo, lakini iwashe peke yake, mwisho, kisha hakikisha printa na kamera za zamani bado zinaunganishwa. Kufukuza simu zenye mawimbi dhaifu sikupendi: kiwango kikiwa kikali, simu hurushwa huku na huku bila kutulia.

Jaribu ukitembea mwendo wa kawaida, simu ikiwa kwenye mazungumzo ya intaneti, huku programu ya ping ikiulizia ruta kila sekunde. Jibu moja likipotea, si neno. BSSID isipobadilika kabisa, rudi kwenye nguvu ya mawimbi. Ikibadilika lakini majibu yakapotea kwa sekunde nyingi, rudi kwenye kebo na DHCP. Na ukiwa umebadilisha aina ya usalama, iambie simu isahau mtandao huo kisha uuunganishe upya kabla ya kupima.