Ondiri imekuwa ya kunguru

Wale mmekulia upande wa Kikuyu, karibu na Nairobi, mnajua kinamasi cha Ondiri, mnajua vile ardhi inatikisika ukikanyaga hayo majani yameelea juu ya maji, na vile shosho alikuwa akitukataza kuteremka huko ati ng'ombe wamezama na hawakuonekana tena. Shamba letu linashuka mpaka kwa matete. Nimeishi Uingereza miaka mingi na kitu nilikuwa natamani zaidi si nyama choma wala marafiki wa mjini, ni ile kelele ya asubuhi ya huko chini, ndege kama kwera, kwarara, korongo taji wakiitana kabla jua halijatoka. Nimerudi. Kelele iko, lakini ni ya kunguru.

Na si wale kunguru wa Mombasa wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka India. Hawa ni wetu, wa kifua cheupe, wamekuwa hapa tangu zamani, ila zamani ulikuwa unaona wawili watatu unasahau. Sahi wanajaa kwa miti, kwa paa, kwa nguzo za stima. Mtu akiniuliza wametoka wapi namwambia panda juu kwa barabara uangalie takataka. Maploti yamejaa apartimenti, mabaki ya mboga, matumbo ya kuku, ngozi, vyote vinamwagwa kando ya barabara, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 lakini uchafu wenyewe nani aliuzuia? Kunguru anayekula jalalani mwaka mzima hajui njaa, hafi kiangazi, anazaa, halafu ndege wengine wakitaga yeye anashuka kwa mayai akiwa na nguvu zake zote.

Nimekaa na darubini nikaangalia vile wanafanya. Kuna wale ndege weusi kwa weupe wa miguu mirefu, sauti yao ni kama nyundo inagonga chuma, wanataga chini kabisa kwa nyasi fupi, hakuna kiota cha maana, shimo kidogo tu na mayai yenye madoa rangi ya udongo. Kunguru wanakuja wawili. Mmoja anatua mbele, mama anaruka kumfukuza, baba naye anaruka, na huyo wa pili anatembea polepole kutoka nyuma anabeba yai. Wanarudi. Wanarudi tena. Jioni hakuna kitu, na wazazi bado wanazunguka hapo wakilia, na mimi nimesimama mbali moyo unaniuma kabisa.

Zamani pia mayai yaliliwa, sikatai. Nguchiro alikuwa anapita. Yule mwewe wa kijivu mwenye uso wa njano usio na manyoya alikuwa ananing'inia kwa viota vya kwera, miguu yake inapinda mbele na nyuma, anaiingiza mpaka ndani anatoa kifaranga. Lakini alikuwa anachukua anaenda zake, na kwera wanafuma kingine. Kunguru haendi popote, anashinda hapo.

Yule namwonea wasiwasi zaidi ni korongo taji, huyo dunia nzima imemweka kwa orodha ya walio hatarini kuisha tangu 2012. Mara nyingi anataga mayai mawili au matatu tu na anayalalia karibu mwezi mzima, anataka matete marefu na maji pande zote. Sasa matete yamekatwa kulisha ng'ombe, kiota kinaonekana kutoka juu, na maji yamevutwa na mapampu mpaka mbwa wa mtaani anafika bila kulowa miguu. Na hii ndiyo chemchemi ya Mto Nairobi, jamani.

Kwa hivyo wewe mwenye shamba linagusa maji, acha kukata matete ya ukingoni. Chimba shimo la taka ulifunike. Paka wako alale ndani. Ukiona kiota usikisogelee kupiga picha, kunguru anaangalia pale unaenda na mbwa anafuata harufu ya nyayo zako. Na usiweke sumu, nimesikia watu wakisema hivyo, sumu itaua mwewe na mbwa wa jirani na kunguru watajaa tena mwezi ujao kama jalala bado liko.

Uingereza nimeona mashamba ya nyasi yamezungushiwa waya wa stima ili mbweha asifikie mayai ya ndege wa chini, na hakuna aliyeona ni wazimu. Hapa nimesema neno waya watu wa kwetu wakaanza kuniuliza kama nimerudi kunyima ng'ombe nyasi. Waya hautazuia kunguru, najua, lakini mbwa na ng'ombe utazuia, na matete yatamea yafiche kilichobaki. Nguzo zinachimbiwa Jumamosi. Wajomba wamekasirika, na wakasirike tu, hakuna ng'ombe wa mtu anateremka huko mpaka vifaranga watoke.